Kabla ya Bisibisi

Usifungue pakiti zote kwa pupa, Hilali.
Tikisa boksi kwanza, polepole,
usikie bati linavyonong'onezana na bati.
Humo mna gari-moshi zima,
ila lenyewe bado halijui.

Saa kumi tu jioni, na Crewe giza totoro.
Jua la Novemba hapa ni kibarua wa siku:
hufika, husaini daftari, huondoka.
Mvua nyembamba inapiga msasa matofali mekundu
ya nyumba zilizoshikana mabega,
na kule stesheni treni ya Manchester
inapita bila kutusalimu.

Tandika taulo mezani. Si la kuogea,
lile kuukuu la kijani.
Skrubu ikianguka kwenye mbao huruka kama panzi;
ikianguka kwenye taulo, hulala.
Elimu hii niliipata kwa magoti,
mbele ya friji, tochi mdomoni.

Bwana Dutton wa nambari kumi na tisa
ametuazima trei ya marehemu mkewe ya kuokea keki,
mashimo kumi na mawili.
"Mnirudishie," alisema, "ingawa sioki."
Basi shimo la kwanza nati.
La pili fito za pistoni, zisigusane na ekseli.
Springi zifunike kwa kikombe, hizo zina wazimu.
Na gia, tahadhari:
ya meno ishirini na ya meno ishirini na mbili
ni pacha wasiopendana.
Zihesabu kwa ukucha. Macho huongopa,
hasa haya yangu; miwani yenyewe inateleza
naisukuma kwa kiwiko.

Unauliza tutaanza lini.
Tumeshaanza, mwanangu.

Unanuna. Nami nilinuna hivyo hivyo
mbele ya mama yangu, ungo magotini pake,
akichambua mchele punje kwa punje
huku tumbo langu likimtukana.
Aliokota kijiwe, akakitazama
kama mtu anayemdai,
akakirusha uani, akaendelea.
Siku moja tu kilimponyoka.
Jino langu la nyuma ndilo shahidi.

Sikukusudia kumleta Mama hapa.
Amekuja mwenyewe, na ungo wake.

Haya, hesabu.
Kijitabu kinasema skrubu ndogo ishirini na nne.
Wewe umepata ishirini na tano.
Nazimwaga, nazihesabu upya, mbili mbili:
ishirini na tano.

Zingepungua, ningeelewa.
Kiwanda ni watu, na saa tisa usiku mtu huchoka;
mimi mwenyewe napanga vifurushi ghalani zamu hiyo,
najua mkono unavyosinzia kabla ya jicho.
Lakini kuzidi?
Kilichopungua hutafutwa.
Kilichozidi, nani anakitafuta?

"Labda kuna treni nyingine mahali," unasema,
"imelegea."

Neno hilo linanikaa kooni.
Naliona jiko jingine, mtoto mwingine,
gurudumu linachechemea kwenye reli ya zulia
na baba mtu anasema hawa jamaa wametuibia.
Ningejua anwani, ningeitia skrubu kwenye bahasha.
Stempu ingekuwa ghali kuliko skrubu yenyewe.

Nainama nisome tena ukurasa wa nne,
na kioo cha kushoto cha miwani yangu
kinajitoa, taratibu, bila ugomvi,
kinatua shimo la saba
juu ya gia zako ulizohesabu kwa ukucha.

Kimya.

Kisha unacheka mpaka kikombe kinapinduka
na springi zote zinatoroka.

Nusu ya jiko imenyooka, nusu ni uji.
Katika nusu ya uji naona meno yako
na mkono unaopapasa bisibisi
ile ndogo kuliko zote.
Gari-moshi lisubiri, fundi.
Shika sikio hili la miwani. Kukaza ni kulia.
Usikaze sana.